Nafuu ya Kijani na Nyumba Isiyo na Ardhi: Barua ya Wazi kwa Magavana na Mabunge ya Kaunti za Pwani ya Kenya

Kwa Waheshimiwa Magavana, Maspika na Wawakilishi Wadi wa kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti upangaji wa maeneo, masuala ya makazi, na usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa nishati katika ngazi yao, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa waziri mhusika. Kwa hiyo kaunti inayofikiria kumpa nafuu mwananchi anayefunga paneli za sola, au anayejenga nyumba isiyohitaji kiyoyozi, haivuki mpaka wa kazi yake wala haihitaji kusubiri ruhusa ya Nairobi. Linalojadiliwa katika barua hii si kama nafuu hiyo itolewe, bali ni nani apewe, apewe kwa jambo gani na kupitia mlango upi, kwa kuwa mifano mingi inayoigwa kutoka nchi nyingine imesimama juu ya dhana kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi, na dhana hiyo haina mashiko katika sehemu kubwa ya miji ya Pwani.

Nafuu inayokusudiwa hapa ni ile inayoitwa kivutio katika lugha ya sera, yaani manufaa ambayo serikali humpa mtu ili afanye kwa hiari jambo lenye faida kwa umma ambalo, akiachwa peke yake na mfuko wake, angeliahirisha. Manufaa hayo yanaweza kuwa punguzo la kodi, msamaha wa ada, kibali kinachotoka upesi, ruzuku, au ruhusa ya kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida. Ujenzi wa kijani, kwa upande wake, ni ujenzi unaotumia umeme, maji na malighafi kidogo kuliko jengo la kawaida la aina yake. Kipimo cha EDGE, kilichobuniwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na kinachotumika pia nchini Kenya, huliita jengo la kijani pale linapookoa angalau asilimia 20 katika kila mojawapo ya mambo hayo matatu.

Kivutio kinachowavutia zaidi watunga sera wa miji duniani ni punguzo la kodi ya majengo na ardhi. Mji wa Pune nchini India humpunguzia mlipakodi kati ya asilimia 5 na 10 ya kodi hiyo akiwa na mtambo wa jua, akivuna maji ya mvua au akigeuza taka kuwa mbolea. Mji wa Berkeley, California, ulikwenda mbali zaidi mwaka 2008: ulimlipia mwenye nyumba gharama ya paneli, naye akairejesha kidogo kidogo kwa miaka 20 kupitia ankara yake ya kodi ya nyumba, kwa namna ambayo akiiuza nyumba deni lilihamia kwa mnunuzi pamoja na paneli zenyewe. Mpango huo ulienea katika miji mingi ya Marekani kabla ya kukumbana na pingamizi mwaka 2010, wakati wasimamizi wa mikopo ya nyumba wa serikali kuu walipokataa deni la paneli litangulie deni la benki. Kenya nayo inazo kodi za ardhi, ambazo Katiba inaziruhusu kaunti kuzitoza na ambazo wananchi wengi huziita tu rates, na ndiyo maana ni rahisi kwa mshauri yeyote kupendekeza kwamba Mombasa au Malindi iige Pune.

Pendekezo hilo likitekelezwa lilivyo, litawapita wale hasa wanaolihitaji. Katika Majengo ya Mombasa, katika mitaa ya zamani ya Kisauni na Likoni, na katika miji mingine ya Pwani, umo mfumo wa umiliki ambao sheria za bara hazikuuzoea, nao ni wa nyumba bila ardhi. Mtu mmoja anamiliki kiwanja. Mwingine anamiliki nyumba iliyo juu yake, ameijenga kwa fedha zake, anaipangisha, anairithisha na hata kuiuza, huku akimlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi ya kila mwezi au kila mwaka, mara nyingi pasipo mkataba wa maandishi. Chimbuko la hali hii ni refu, na sehemu yake kubwa inarudi kwenye Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambayo iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao mbele ya maofisa wa kikoloni na ikawaacha wengi, hasa wasiokuwa na karatasi, wakiwa wapangaji juu ya ardhi waliyokuwa wakiilima na kuijenga. Miongo mingi baadaye, ankara ya rates humwendea mwenye hati, ambaye huenda anaishi ng'ambo, au ni familia ambayo mirathi yake haijagawanywa, ilhali anayepanda juu ya paa kuweka paneli, anayenunua betri na anayepaka mabati rangi nyeupe ni yule mwenye nyumba asiyetajwa popote katika daftari la kaunti. Punguzo la rates katika mazingira hayo ni zawadi anayopewa mtu mmoja kwa gharama iliyobebwa na mwingine, na mpango wa aina ya Berkeley hauwezi hata kuanza, kwa sababu hakuna ankara yenye jina la mkopaji ambayo deni lingeambatanishwa nayo.

Hata kwa wale wenye hati, punguzo hilo lina kasoro ya pili ambayo kaunti zenyewe zimeisababisha. Kaunti kadhaa nchini zimekuwa na desturi ya kusamehe riba na faini za malimbikizo ya rates kila zinapobanwa na upungufu wa mapato, na mlipaji mwerevu amejifunza kutolipa hadi msamaha mwingine utangazwe. Mtu asiyelipa kodi kamili hashawishiki kwa kupunguziwa sehemu yake. Ikiwa msamaha wa jumla humpa mdaiwa sugu manufaa makubwa kuliko yale anayoahidiwa mwenye kufunga sola na kulipa kwa wakati, hakuna fundi wala mhasibu atakayemshauri mteja wake achague njia ya pili. Kaunti inayotaka kutumia rates kama kivutio italazimika kwanza kuacha misamaha ya jumla, uamuzi mgumu wa kisiasa ambao haufai kufichwa ndani ya sera ya mazingira.

Mlango unaofaa zaidi ni ule ambao mwenye nyumba huupitia kwa jina lake mwenyewe. Mlango wa kwanza ni ada ya kuidhinisha ramani na kibali cha ujenzi au ukarabati, ambayo hulipwa na anayejenga, awe na hati au awe na ridhaa ya mwenye kiwanja tu. Wa pili ni leseni ya biashara, inayomgusa mwenye hoteli, mkahawa, duka la samaki au nyumba ya wageni, yaani watumiaji wa umeme mwingi wa kupoza na kugandisha. Wa tatu, ambao hauhitaji kodi yoyote kupunguzwa, ni ruzuku ndogo ya moja kwa moja inayotolewa kwa kazi iliyokaguliwa na kukamilika, kwa mfano rangi ya kuakisi jua kwenye paa la mabati. Mji wa Ahmedabad nchini India, ambao ulianza kuwa na mpango wa kukabiliana na joto kali mwaka 2013, uliongeza mwaka 2017 mradi wa kupaka nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Kaunti za Pwani zingeweza kuambatanisha na mlango huo daftari la wenye nyumba, lililotenganishwa waziwazi na daftari la ardhi, likisema bayana kwamba kuandikishwa humo hakumpi wala hakumnyang'anyi mtu haki yoyote juu ya kiwanja. Bila kauli hiyo, wenye viwanja watalipinga daftari na wenye nyumba wataliogopa.

Zaidi ya hapo kuna mpangaji, ambaye katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa katikati na vyumba pande mbili ni mtu wa tatu katika mnyororo huo huo. Mpangaji ndiye anayenunua tokeni za umeme. Mwenye nyumba akiweka sola, gharama ni yake na nafuu ya bili ni ya mpangaji, kwa hiyo mwenye nyumba hana sababu ya kuhangaika, au hulipandisha pango hadi nafuu yote imrudie. Kaunti haiwezi kulimaliza tatizo hili, lakini inaweza kuweka sharti kwamba ruzuku yake iende na makubaliano ya maandishi ya kutopandisha pango kwa sababu ya kazi hiyo kwa muda uliotajwa.

Baada ya swali la nani apewe linafuata la apewe kwa jambo gani, na hapa sera ya taifa imekuwa ikiiangalia Pwani kwa macho ya Nairobi. Kanuni za Kuchemsha Maji kwa Jua za mwaka 2012 zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kutokana na jua, kiwango kile kile ambacho mji wa Barcelona ulikiweka katika kanuni yake iliyoanza kutumika mwaka 2000, na zikawapa wenye majengo ya zamani miaka 5 ya kutimiza sharti hilo. Zilitungwa kwa kurejelea mamlaka za miji ambazo muda wake ulikuwa ukiyoyoma, kwa kuwa uchaguzi wa Machi 2013 ulizileta kaunti, na utekelezaji wake ukalegalega tangu mwanzo. Lakini hata kama zingetekelezwa kikamilifu, zingeokoa umeme mwingi Limuru na Nyeri, ambako maji ya kuoga huchemshwa mwaka mzima, kuliko Mtwapa au Ukunda, ambako ukiondoa hoteli na hospitali watu wengi huoga maji kama yalivyotoka bombani. Isitoshe, mitaa mingi ya Mombasa hutegemea visima vya maji ya chumvi wakati mifereji ya kutoka Mzima, Marere na Baricho inapokauka, na chumvi hiyo hula matangi na kuziba mabomba ya mitambo ya jua mapema kuliko ilivyokadiriwa na mtengenezaji.

Gharama ya nishati ya Pwani imo katika kupoza. Feni na viyoyozi vya nyumbani, majokofu ya samaki, mashine za barafu na vyumba vya hoteli ndivyo vinavyozungusha mita, na kwa hiyo kivutio cha kaunti za Pwani kinapaswa kumtuza kwanza yule anayejenga nyumba isiyoshika joto, kisha ndipo kimtuze anayezalisha umeme wa kuipoza. Ujenzi wa namna hiyo hauhitaji teknolojia ngeni. Nyumba inayoelekezwa ili madirisha yake yapokee upepo wa kusi katikati ya mwaka na wa kaskazi katika miezi ya joto, yenye matundu pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, yenye paa lililochomoza vya kutosha kuukinga ukuta na jua, na yenye dari iliyoachiwa nafasi ya hewa chini ya mabati, itapungukiwa na joto kabla ya kuwekewa kifaa chochote. Majengo ya kioo kitupu yanayozidi kuota Nyali na kando ya barabara kuu ni kinyume cha hayo yote, kwani kioo huingiza mwanga wa jua na kuzuia joto lake lisitoke, na mwenye jengo hulazimika kuwasha viyoyozi tangu saa mbili asubuhi ili wafanyakazi wavumilie.

Ni desturi ya waandishi wa mambo ya Pwani kufikia hatua hii na kuzisifu nyumba za mawe za Lamu kama jibu la kila swali, lakini sifa hiyo inahitaji mipaka. Kuta nene za matumbawe na chokaa hufanya kazi vizuri kabisa mahali penye jua kali la mchana na baridi ya usiku. Kwenye pwani yenye unyevu, ambako usiku hautofautiani sana na mchana, ukuta mnene pekee hauleti raha kubwa. Kilichozipoza nyumba hizo ni mpangilio mzima: vichochoro vyembamba vinavyojitia kivuli vyenyewe, daka la mbele linalotenganisha jua la nje na giza la ndani, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaovuta hewa ya moto ipande na kutoka. Wala malighafi ya asili si ya kijani kwa kuwa tu ni ya asili. Mawe yanayochongwa kwenye machimbo ya Kilifi na Kwale huacha mashimo ambayo wachache wameyafukia, ingawa kazi aliyoianzisha René Haller kwenye machimbo ya Bamburi mwaka 1971 imethibitisha kwamba ardhi iliyochimbwa inaweza kurudishiwa uhai. Na boriti za mikoko zikikatwa bila mpango huondoa kinga ya ufuo. Kanuni ya vivutio ingepima matokeo, yaani kivuli, upitaji wa hewa na umeme uliookolewa, kuliko kupima kama jengo linafanana na la babu.

Kwenye hoja ya umeme wa jua wenyewe, mpinzani makini atauliza kaunti inamtuza mtu kwa faida gani ilhali takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya tayari hutokana na vyanzo jadidifu, vikiongozwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria. Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa kaulimbiu. Gridi ya Kenya inapata shida kati ya saa moja na saa nne usiku, matumizi yanapofika kilele, na hapo ndipo mitambo ya mafuta mazito, ikiwemo ya Kipevu na Rabai iliyo katika ukanda huu huu wa Pwani, inapohitajika zaidi, huku gharama ya mafuta yake ikiongezwa kwenye bili ya kila mtumiaji. Paneli isiyo na betri haizalishi chochote saa hizo. Kwa hiyo kivutio kinachotoa manufaa sawa kwa kila paneli, bila kujali kama umeme wake unapunguza mzigo wa jioni, kitamlipa mwenye jumba kubwa kwa kujipunguzia bili ya mchana na kuuachia umma mzigo ule ule. Kituo cha samaki kinachogandisha barafu yake mchana kwa jua na kuzima mashine jioni kinaisaidia gridi; vivyo hivyo hospitali yenye betri, na nyumba iliyopoa kiasi kwamba kiyoyozi hakiwashwi baada ya magharibi. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati 1 aingie katika mpango wa kubadilishana umeme na gridi, na kanuni zake zilitoka mwaka 2024, ila malipo yake ni ya kupunguziwa uniti na hayapangwi na kaunti. Sehemu ya kaunti ni kuhakikisha kwamba kibali chake cha ujenzi hakiwi kizuizi cha ziada juu ya masharti ya kampuni ya umeme na ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli.

Kuna kivutio kimoja ambacho barua hii inawasihi Waheshimiwa wakiepuke, hata kama wawekezaji watakipigia debe, nacho ni ruhusa ya kuongeza ghorofa kwa anayejenga kijani. Kaunti ya Arlington, katika jimbo la Virginia, imekitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kimefaulu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa huko mifereji ya majitaka, maji na usafiri vilitangulia. Katika kisiwa cha Mombasa, ghorofa za ziada hukinga upepo usiwafikie majirani, ambao watalazimika kununua viyoyozi ili jengo moja liitwe la kijani, na huelemea majitaka yasiyokuwa na pa kwenda. Mahali pake ingewekwa kasi ya huduma. Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaipa kaunti siku 60 za kumjibu mwombaji wa kibali. Kaunti ikijifunga kwa kanuni kumjibu ndani ya muda mfupi zaidi mwenye ramani inayotimiza masharti ya kupoza, itakuwa imempa mjenzi kitu chenye thamani, hasa yule anayejenga kwa mkopo wenye riba, pasipo kutoa hata shilingi. Hatari ya njia hiyo inajulikana na kila aliyewahi kufuatilia ramani kaunti: dirisha la haraka huweza kugeuka dirisha la kitu kidogo. Masharti yake basi yawe ya kupimika kwa rula na dira, kama vile ukubwa wa matundu, urefu wa kivuli na uelekeo wa jengo, ili ofisa asiwe na nafasi kubwa ya kuamua kwa hisia.

Linalobaki ni namna ya kuyaweka haya kisheria. Ibara ya 210 ya Katiba inakataza kusamehe au kubadilisha kodi au ada yoyote ya leseni isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na inaagiza kwamba kila msamaha uandikwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, kisha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tangazo la gavana mkutanoni halitoshi, wala waraka wa waziri wa kaunti. Hali kadhalika, nafuu isiyotabirika haimsaidii anayepanga kujenga kwa miaka mitatu au minne: mwaka 2020 Bunge la Taifa liliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola, mwaka 2021 likaurejesha, na katikati yake wauzaji na mafundi waliwekwa roho juu. Kaunti zinaombwa ziandike nafuu hizi katika Miswada yao ya Fedha, kwa muda usiopungua miaka 5, zikitaja kiwango cha juu cha mapato yatakayosamehewa kila mwaka ili hazina ya kaunti isishtukizwe.

Miswada ya Fedha huidhinishwa ndani ya siku 90 baada ya mabunge ya kaunti kupitisha sheria ya matumizi, na kabla ya hapo umma hualikwa kutoa maoni. Mialiko hiyo kwa kawaida huchapishwa magazetini na vikao hufanyika kwenye kumbi za makao makuu, mahali ambapo wenye hati na mawakili wao hufika kwa urahisi. Safari hii, kwa vifungu vinavyohusu ujenzi na nishati, vikao vifanyike pia Majengo, Likoni, Mtwapa, Ukunda na Mokowe, wakati wa jioni baada ya watu kutoka kazini, na wenye nyumba bila ardhi waitwe kwa jina hilo hilo katika tangazo lenyewe, wakae meza moja na wenye viwanja wao, mbele ya mwakilishi wadi, kabla ya mswada kusomwa kwa mara ya pili.